Kozi ya Bure ya Mtandaoni kwa Wasanidi Programu: Namna ya Kuijenga na Kujua Kama Imefundisha

Kozi isiyo na ada ina tatizo lake. Mtu hujiandikisha usiku akiwa amejilaza, simu mkononi, na asubuhi hakumbuki hata jina la kozi. Kwa hiyo idadi ya waliojiandikisha haisemi chochote kuhusu kufundisha. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua bure kozi yao ya akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha, na waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na ushei. Hata hiyo elfu ishirini ni hesabu ya waliomaliza tu. Waliobaki na ujuzi miezi miwili baadaye ni hesabu nyingine kabisa, na ndiyo mwongozo huu unayoitafuta.

Tumeuandika tukimfikiria mtu anayejenga kozi akiwa Kigoma, na wanafunzi wake wapo Mwanga, Ujiji, Kasulu, Kibondo, wengine Tabora. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni mmoja: kozi ya wiki 6 ya hifadhidata kwa SQLite, kwa mtu ambaye tayari anaandika Python kidogo. SQLite inafaa mazingira haya kwa sababu inakuja pamoja na Python yenyewe, hifadhidata nzima ni faili moja, na haihitaji seva wala intaneti. Bando likiisha, somo linaendelea.

Anza na mtihani wa mwisho

Wengi huanza kwa kurekodi video. Huko ni kuanza mwisho. Kabla ya somo lolote, andika kazi moja ambayo mhitimu ataifanya peke yake, bila wewe, kwa muda unaojulikana. Usiandike "ataelewa hifadhidata", kwa sababu kuelewa hakuonekani. Andika hivi: "Akipewa daftari la mnunuzi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi lenye kurasa 3, ndani ya saa 2 ataunda majedwali, ataingiza kumbukumbu, na atatoa orodha sahihi ya deni la kila muuzaji."

Kazi hiyo ndiyo mtihani. Ukishakuwa nao, kila somo unalipima kwa swali moja: nikiliondoa, mtu atashindwa mtihani? Kama hatashindwa, liondoe. Historia ya hifadhidata itatoka, aina kumi za mifumo ya hifadhidata zitatoka, na kozi ya wiki 10 itarudi kuwa ya wiki 6. Utaona uchungu kuondoa, hasa vitu unavyovipenda wewe mwenyewe. Viondoe tu.

Kisha mchague mwanafunzi. "Wasanidi wote" si mwanafunzi. Wetu ni huyu: anaweza kuandika kitanzi (loop) na kusoma faili kwa Python, ana laptopu ya RAM GB 4, anapata intaneti kwa simu, ana saa 4 kwa wiki. Tengeneza mlango wa kuingilia wenye vijizoezi 3 vya dakika 15 vya Python. Anayeshindwa vyote mwelekeze kwa kozi ya awali. Usimwingize halafu akaacha wiki ya 2 akidhani yeye ndiye mzito.

Gawa wiki kwa makosa, usigawe kwa mada

Ukikaa na watu wanaojifunza jambo hili, utaona makosa yao hayatawanyiki ovyo. Ni yale yale, kwa mtu baada ya mtu. Kozi nzuri imejengwa kuzunguka makosa hayo. Katika mfano wetu, wiki 3 za kwanza ni nyepesi (kuunda majedwali, kuchuja na kupanga, kujumlisha kwa makundi). Uzito uko wiki ya 4 na 5, watu wanapounganisha majedwali. Tazama hili kwa karibu.

Muuzaji namba 7 ameuza mara 2: shilingi 40,000 na 60,000. Amelipwa mara 3: 20,000, 10,000 na 30,000. Mnunuzi anadaiwa naye 40,000. Mwanafunzi anaandika:

```
SELECT w.jina, SUM(m.kiasi) - SUM(l.kiasi) AS deni
FROM wauzaji w
JOIN manunuzi m ON m.muuzaji = w.id
JOIN malipo l ON l.muuzaji = w.id
GROUP BY w.id;
```

Msimbo unakwenda bila kulalamika, na unatoa 180,000. Sababu ni kwamba kila ununuzi umekutanishwa na kila malipo, ikapatikana mistari 6. Manunuzi yamehesabiwa mara 3 yakawa 300,000, malipo mara 2 yakawa 120,000. Kosa lenye ujumbe mwekundu mtu atalitafuta. Hili halina ujumbe, na likiingia kwenye mfumo wa kweli linakula hela ya mtu. Tena lina pacha wake: muuzaji ambaye hajalipwa hata mara moja hana mstari kwenye jedwali la malipo, kwa hiyo anatoweka kabisa kwenye orodha. Yule anayedai kuliko wote ndiye asiyeonekana.

Njia iliyo salama ni kujumlisha kila jedwali kivyake, kisha kutoa:

```
SELECT w.jina,
  COALESCE((SELECT SUM(kiasi) FROM manunuzi WHERE muuzaji = w.id), 0)
- COALESCE((SELECT SUM(kiasi) FROM malipo WHERE muuzaji = w.id), 0) AS deni
FROM wauzaji w
ORDER BY w.id;
```

COALESCE ipo kwa ajili ya yule ambaye hajalipwa: inageuza NULL (thamani isiyokuwepo) kuwa 0. Bila hiyo, 50,000 kutoa NULL ni NULL, na deni linakuwa tupu.

Mfano kama huu unastahili wiki nzima. Usiufundishe kwa kutoa jibu sahihi kwanza. Mpe mwanafunzi daftari la karatasi la muuzaji namba 7, ahesabu kwa mkono apate 40,000, kisha aendeshe msimbo mbovu aone 180,000. Mshangao huo ndio somo. Baadaye mwambie aondoe SUM atazame mistari 6 kwa macho yake.

Wiki ya 6 ni kuandika kutoka Python, na kosa lake la kawaida ni kuunga maneno kwa alama ya kujumlisha ili kutengeneza amri ya SQL, yaani lugha ya kuagizia hifadhidata. Huku kwetu kosa hilo linajitokeza haraka kuliko kwingine, maana majina yetu yana ng'. Mtu akiingiza anwani ya Ng'ambo, Tabora, ile alama ya ritifaa inafunga maandishi katikati, na SQLite inagoma ikilalamikia kitu kilicho karibu na "ambo". Ukimwonyesha hilo, ataelewa mara moja kwa nini thamani hupitishwa kwa alama ya kuuliza, na ndipo umweleze kwamba mlango huohuo ndio mwizi anaoutumia kupenyeza amri zake. Wiki hiyo pia fundisha muamala: anza, andika mauzo, andika mzigo uliotoka, thibitisha. Umeme ukikatika kabla ya kuthibitisha, hakuna nusu ya kumbukumbu inayobaki. Mfano huo hauhitaji maelezo marefu kwa mtu ambaye umeme umewahi kumkatikia katikati ya kazi.

Somo moja ndani yake

Saa 4 za wiki zigawe hivi: dakika 40 za kusoma na kutazama, saa 2 na nusu za mazoezi, zilizobaki za kurudia ya nyuma na kuuliza. Kozi nyingi zimepindua uwiano huu, ndiyo maana watu humaliza wakiwa wamefurahi na hawawezi kitu.

Kila somo lifuate mteremko mmoja. Kwanza maswali 3 ya kukumbuka yaliyotoka wiki zilizopita, yajibiwe bila kufungua maelezo. Pili, mfano uliokamilika wenye maelezo mstari kwa mstari. Tatu, mfano uleule wenye mapengo 2 au 3. Nne, mistari sahihi iliyochanganywa, mwanafunzi aipange. Tano, zoezi tupu. Ukiruka kutoka mfano uliokamilika hadi zoezi tupu, wanaoanguka ni walewale uliokusudia kuwasaidia.

Maswali ya kukumbuka watu huyaona ya kitoto. Usiyatoe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na waliojipima kwa kulikumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojipima ndio walikuwa mbele. Maana yake kwa mjenzi wa kozi ni kwamba somo linalompendeza mwanafunzi leo linaweza kuwa ndilo linalomwacha mtupu wiki ijayo.

Lugha. Eleza kwa Kiswahili, acha maneno ya mashine yalivyo (SELECT haitafsiriwi), na uamue mapema neno moja kwa kitu kimoja. Ukisema "kodi" ukimaanisha maandishi ya programu, mtu wa biashara anasikia TRA, sema "msimbo". "Safu" wengine huitumia kwa kulala, wengine kwa kusimama, kwa hiyo chagua: hapa safu ni ya kwenda chini, mstari ni wa kulala. Ukurasa wa kwanza wa kozi uwe na orodha ya maneno kama 25 ya namna hiyo. Na usiyabadilishe kati ya wiki ya 2 na ya 5 kwa ajili ya kupamba lugha.

Uzito wa faili

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video kwenye jukwaa la edX. Waligundua kuwa nusu ya watu hawavuki dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Ukiongezea gharama ya bando, sheria inakuwa rahisi: video zisizidi 2 kwa wiki, kila moja isizidi dakika 5, na kila kilichomo kiwepo pia kwa maandishi.

Video ya skrini iliyotulia hubanika sana. Ukiwa na programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i ghafi.mp4 -vf scale=-2:480 -r 12 -c:v libx264 -crf 30 -c:a aac -ac 1 -b:a 48k somo.mp4
```

Ikitoka kwenye kilobiti kama 250 kwa sekunde, dakika 5 ni MB 9 na kitu. Video ya kawaida ya 720 yenye kilobiti 1,500 ingekuwa MB 56 kwa urefu uleule. Ikizidi, pandisha crf, namba ya kubana video, hadi 32. Kinachoharibika kwa ukubwa wa 480 ni herufi, kwa hiyo rekodi ukiwa umezikuza: mstari usizidi herufi 60 upana wa skrini, na ujaribu kwenye simu ndogo, juani, kabla ya kuipeleka kwa watu.

Wiki nzima iwe faili moja la zip lisilozidi MB 20. Kurasa ziwe HTML za kawaida zisizoita fonti wala picha kutoka mtandaoni. Hapo mtu mmoja akipakua, wenzake wanapata kwa flashi au kwa kurushiana simu kwa simu. Hilo lihesabu kuwa ni usambazaji halali na uliandike kwenye ukurasa wa mwanzo, maana kuna wanaoogopa.

Siku ya kwanza ndiyo inayoua

Watu wengi wanaoacha kozi ya programu hawakushindwa somo. Walishindwa kusakinisha. Kwenye Windows, asiyeweka tiki kwenye kisanduku cha PATH (orodha ya mahali Windows inapotafuta programu) wakati wa kusakinisha Python, akiandika `python` kwenye dirisha jeusi anafunguliwa duka la Microsoft, na hapo anakata tamaa. Tengeneza wiki 0 isiyo na somo lolote: picha za hatua 6, na amri moja, `python kagua.py wiki0`, inayojibu "Tayari" au inayotaja kilichokosekana kwa Kiswahili.

Wape wiki 0 hiyo watu 5 wasiojua kozi yako, mmoja mmoja, kaa nyuma yao dakika 90, ukinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Kila mkono unapotulia zaidi ya dakika 2 andika saa na mahali. Wanne kati ya watano wakifikia "Tayari" ndani ya dakika 20, endelea. Wasipofika, rekebisha na utafute watano wengine. Wa mwanzo wameshajua.

Kikaguzi

Kwa kozi ya bure huwezi kusahihisha kazi 400 kwa mkono. `kagua.py` iwe faili moja la Python, lisilohitaji kusakinisha kitu kingine, linalofanya kazi bila intaneti. Linajenga hifadhidata ya muda kwenye kumbukumbu ya kompyuta (`:memory:`), linaingiza data, linaendesha `jibu.sql` ya mwanafunzi, linalinganisha.

Tumia seti za data zisizopungua 3. Kwa zoezi la deni: moja ya kawaida, moja yenye muuzaji ambaye hajalipwa kabisa, moja ambayo hakuna mauzo hata moja. Ukiwa na seti moja tu, atakayeandika `SELECT 40000` amefaulu.

Mambo yanayoharibu kikaguzi ni haya. SQL haiahidi mpangilio wa mistari bila ORDER BY, kwa hiyo ama uidai kwenye swali ama upange matokeo kabla ya kulinganisha; usimkatae mtu kwa mpangilio ambao hukuutaja. Hela ziweke kama namba kamili za shilingi, maana kwa namba zenye nukta 0.1 + 0.2 si sawasawa na 0.3 ndani ya kompyuta. Faili zisomwe kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) waziwazi, la sivyo Windows nyingine itasoma herufi kivyake. Na mwanafunzi akiandika amri isiyokwisha, weka kikomo cha sekunde 10.

Ujumbe ndio mwalimu asiyelala. "Si sahihi" ni ujumbe wa uvivu. Kwa makosa unayoyajua tayari, andika ujumbe wa kila moja: "Deni la muuzaji 7 limezidi. Ondoa SUM na GROUP BY, uhesabu mistari inayotoka. Ilitakiwa iwe mingapi?" Usimpe jibu, mwonyeshe pa kutazama.

Mwisho kikaguzi kiandike `matokeo.txt` lisilofika KB 2: namba ya mwanafunzi, zoezi, majaribio mangapi, kosa gani, saa ngapi. Mwanafunzi hulituma akipata mtandao. Faili hilo dogo ndilo litakalolisha vipimo vyote vinavyofuata.

Watu

Kozi isiyo na mtu wa kujibu huwaacha wengi njiani. Weka mwezeshaji mmoja kwa wanafunzi 25, kundi la WhatsApp, na ahadi ya jibu ndani ya saa 24. Maswali ya mwanzo yatakuja hivi:

"Shikamoo mwalimu. Imegoma."

"Marahaba. Pole. Nitumie vitatu: ulichoandika, ulichotegemea, na ujumbe wote uliotoka, usiukate."

Jibu hilo lirudiwe kila mara, na wawezeshaji wote, mpaka wanafunzi waanze kudaiana wenyewe kwa wenyewe. Ni moja ya ujuzi mkubwa atakaoondoka nao msanidi, kuuliza swali linalojibika.

Kalenda nayo itazame. Kozi yenye tarehe za mwisho hushika watu kuliko ile ya "ukipata nafasi", lakini tarehe zisipigane na maisha. Ramadhani usiweke kikao cha moja kwa moja saa ya futari, hasa ukiwa na watu wa Ujiji. Na wapo wasanidi ambao mchana wako stationery, usiku wako kwenye biashara ya dagaa ya familia. Mwezi ukiwa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, na alfajiri Kibirizi hakuna aliyelala. Ruhusu kila mtu wiki moja ya kuchelewa katika kozi nzima, bila kuomba wala kujieleza.

Kupima

Amua maneno yana maana gani kabla ya kuhesabu. Aliyejiandikisha ni aliyejaza fomu. Aliyeanza ni aliyetuma zoezi la wiki ya 1. Aliyemaliza ni aliyefaulu mtihani wa mwisho. Anayeweza ni aliyefaulu tena mtihani mwenza (umbo lilelile, data tofauti) siku 60 baadaye. Andika namba zote nne kila mara, pamoja.

Tuchukue namba za kubuni. Wamejiandikisha 120, wameanza 74, wamemaliza 28. Ukigawa kwa 120 ni asilimia 23, ukigawa kwa 74 ni asilimia 38. Zote ni kweli, na ndiyo maana mtu asiyetaja amegawa kwa nini anakuficha jambo. Sisi tungetumia 74 kupima kozi, na pengo la 120 hadi 74 kupima tangazo na wiki 0.

Halafu ipime mashaka ya namba yenyewe. Kwa 28 kati ya 74, chukua 0.38 mara 0.62, gawa kwa 74, tafuta kipeuo cha pili: 0.056. Zidisha kwa 2, unapata pointi 11 juu na chini. Kwa hiyo kozi yako iko kati ya asilimia 27 na 49. Awamu ijayo ikitoka 44, usipige vigelegele bado. Hiyo imo ndani ya mashaka hayo.

Kupima walichojifunza, tengeneza mitihani miwili mwenza, A na B, maswali 8 kila mmoja, dakika 25, umbo moja na data tofauti. Nusu ya wanafunzi waanze na A wamalize na B, nusu kinyume chake. Usipofanya hivyo, na B ikawa rahisi kidogo, utadhani umefundisha. Kisha tumia kipimo ambacho Richard Hake alikieneza mwaka 1998 kwenye ufundishaji wa fizikia: alama zilizoongezeka, gawa kwa nafasi iliyokuwepo ya kuongezeka. Wastani ukitoka 30 hadi 72, ni 42 gawa kwa 70, yaani 0.6. Aliyetoka 80 hadi 92 naye ni 0.6, ingawa alama zake zimepanda 12 tu.

Mtego mkubwa uko hapa. Unaolinganisha ni waliobaki peke yao. Kama walioacha ndio waliokuwa na alama ndogo mwanzoni, wastani wako wa mwisho umepanda kwa sababu wameondoka. Kila mara weka kando kwa kando alama za mwanzo za waliomaliza na za walioacha. Zikipishana sana, tatizo lako ni mlango wa kuingilia au wiki ya 2, na wala si mtihani.

Maswali yenyewe nayo yapimwe. Panga watu 60 kwa alama ya jumla, chukua 16 wa juu na 16 wa chini. Swali walilopata 14 juu na 6 chini, tofauti ni 8 gawa kwa 16, 0.5: swali zuri. Likiwa chini ya 0.2 halitenganishi anayejua na asiyejua. Likitoka hasi, kwa mfano 5 juu na 9 chini, karibu kila mara jibu lako ndilo lenye kosa, au swali lina maana mbili na wanaojua zaidi wameiona ya pili. Lifute kwenye alama za wote, na uwaambie.

Mtihani wa siku 60 ndio unaoumiza, kwa sababu watu hawajibu, na wanaojibu ni waliofanikiwa. Usiridhike nao. Kati ya walionyamaza, chagua 10 kwa kura, wapigie simu. Wape zoezi moja la dakika 15 na waulize swali moja: tangu kozi iishe, umeandika hifadhidata gani nje ya kozi? Anayejibu kwa kitu mahususi, "nimeweka mikopo ya kikundi cha mama", ameivuka kozi. Anayesema "nafanyafanya" hajaivuka.

Na kama waombaji ni wengi kuliko nafasi, una bahati ambayo wengi hawaitumii. Wagawe kwa kura: nusu waanze Januari, nusu Aprili. Mwezi Machi, wote wafanye mtihani mmoja. Tofauti kati ya makundi mawili ndiyo kazi ya kozi yako, kwa kuwa waliobaki wanangoja nao wana hamu ileile, wanatazama video zilezile za mtandaoni, wana kazi zilezile. Hesabu kila aliyepangiwa Januari, hata aliyeacha. Hakuna anayenyimwa, ila anangoja.

Kuhusu udanganyifu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, zoezi tupu la kuandika halithibitishi tena nani ameandika. Usipoteze muda kuwinda. Mtihani wa mwisho uwe na dakika 10 za simu: fungua jibu lako, niambie mstari huu unafanya nini, sasa ongeza safu ya kijiji utoe deni kwa kila kijiji. Aliyeandika mwenyewe atakosea kidogo na kujirekebisha. Ambaye hakuandika atanyamaza.

Taarifa za watu zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awaeleze watu anazikusanyia nini. Kwa kozi hii unahitaji jina, namba ya simu, wilaya, na alama. Namba ya NIDA huihitaji, basi usiiombe. Faili la alama litumie namba ya mwanafunzi, na jedwali la majina likae mahali pengine.

Awamu ya pili

Panga makosa yote ya `matokeo.txt` kwa idadi. Utakuta zoezi moja au mawili yamebeba sehemu kubwa ya majaribio yaliyoshindikana. Kwa kozi yetu mtu angetazamia lile la deni, lakini usishangae likiwa zoezi dogo la wiki ya 2 ambalo swali lake halieleweki. Rekebisha hayo mawili tu. Ukibadilisha mambo tisa kwa pamoja hutajua lipi limesaidia na lipi limeharibu, na awamu ya tatu utakuwa unabahatisha. Andika kila badiliko kwenye faili moja lenye tarehe, ulichobadilisha, na namba unayotegemea isogee. Mtihani wa siku 60 ukirudi, fungua faili hilo kwanza kabla ya kugusa somo lolote.